Minyoo si Tabia ya Mtu: Habari za Nyumba za Kulelea Watu Wenye Ulemavu wa Akili



Katika mkutano wetu wa mwaka uliofanyika hapa Kehancha liliulizwa swali ambalo halikupata jawabu siku ile. Swali lenyewe lilikuwa hili: je, yafaa chama chetu kitoe fedha ili ijengwe nyumba ya kulala na kulelewa vijana wenye ulemavu wa akili, ambao wazazi wao wamezeeka au wamefariki? Wengi waliunga mkono. Lakini mwanachama mmoja alisimama akasema kwamba katika safari zake amewahi kuiona nyumba ya namna hiyo, na kwamba karibu wote waliokuwamo walikuwa na matumbo makubwa ya minyoo. Mwingine akamjibu kwamba hilo si la kushangaza, maana kwa watu wa namna hiyo minyoo ni kawaida yao. Mkutano ukacheka kidogo, kisha ukanyamaza.

Sisi tulioagizwa kuandika sura ya historia katika taarifa hii tuliyachukua maneno yale hadi nyumbani, wala hayakutupa raha. Maana ikiwa minyoo ni kawaida ya watu hao, basi hakuna haja ya choo kizuri wala ya sabuni. Yatosha kuwalaza na kuwalisha. Lakini ikiwa minyoo hutoka katika nyumba yenyewe, basi ajengaye nyumba vibaya ndiye awapaye watu ugonjwa, hata kama nia yake ilikuwa ya huruma. Tumetafuta habari za miaka iliyopita, za nchi za mbali na za nchi yetu, tukaona kwamba jambo hili lilikwisha kujaribiwa na wengine kwa gharama kubwa. Twawasimulia ili tusiilipe gharama ile mara ya pili.

Milango waingiayo minyoo

Kwanza yafaa tukumbushane minyoo hawa ni akina nani, na kila mmoja huingia kwa mlango gani.

Wa kwanza ni wale warefu wa mviringo, ambao watu wa pwani tangu kale wamewaita mchango. Jike mmoja aweza kutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku moja. Mayai hayo hutoka pamoja na choo, nayo yakiangukia udongo wenye kivuli na unyevu yaweza kuishi humo miaka. Humwingia mtu kwa kinywa: kwa mkono usionawiwa, kwa mboga isiyooshwa, kwa udongo unaoliwa. Wa pili ni minyoo wa mjeledi, walioitwa hivyo kwa sababu ya umbo lao. Mayai yao huliwa vivyo hivyo, na wakizidi humletea mtoto kuhara damu, hata pengine sehemu ya mwisho ya utumbo ikatoka nje.

Wa tatu ni minyoo wa safura, nao hawangoji kinywa. Hutoboa ngozi ya mguu ulio peku, hupita katika damu na mapafu, kisha hushika utumbo na kunyonya damu. Mlango huo ulijulikana kwa ajali. Mwaka wa 1898 Arthur Looss, mtaalamu wa Kijerumani aliyefanya kazi Cairo katika nchi ya Misri, alijimwagia mkononi maji yenye wadudu wachanga wa safura. Ngozi ikamwasha, na baada ya majuma kadhaa akayakuta mayai yao katika choo chake mwenyewe.

Wa nne ni wale wadogo weupe mfano wa uzi. Usiku jike hutoka nje akataga mayai penye njia ya haja kubwa, pakawasha. Mtu hujikuna, mayai yakashika kucha, shuka na blanketi, na kabla ya asubuhi yamekwisha kumfikia alalaye karibu naye. Pamoja na hao wako vijidudu visivyoonekana kwa macho, kama amiba na jiadia, viingiavyo kwa maji machafu na mikono michafu.

Katika milango hiyo yote hakuna hata mmoja uitwao akili. Mnyoo hajui kama mwenye tumbo amesoma au hakusoma. Akitakacho ni kwamba choo cha mtu mmoja kifike kinywani au mguuni mwa mtu mwingine, basi.

Ni kweli kwamba baadhi ya watu wenye ulemavu wa akili wanahitaji msaada zaidi. Wako wasioweza kunawa wenyewe, wako watiao kila kitu kinywani, na wako walao udongo. Lakini kula udongo hakukuanza kwao. Katika masoko ya Migori na Homa Bay huuzwa vipande vya udongo mgumu ambavyo jirani zetu Waluo huviita odowa, na wake wajawazito wenye akili timamu huvinunua wakavila. Ulemavu humwongezea mlezi kazi, wala hauzai mnyoo.

Watu walioitwa wavivu

Si mara ya kwanza kwa watu kuona kazi ya minyoo wakaiita tabia. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika majimbo ya kusini ya Marekani, wakulima maskini walidharauliwa kwa unyonge wao. Watoto wao walikuwa wa rangi ya kijivu, hawakui, na shuleni hawashiki neno. Watu wa mijini walisema kwamba hao wamezaliwa wavivu na wajinga. Daktari Charles Stiles akaonyesha kwamba wengi wao walikuwa na safura, na magazeti, kwa mzaha, yakamwita mnyoo huyo kijidudu cha uvivu. Mwaka wa 1909 tajiri John D. Rockefeller alitoa dola 1,000,000 kwa ajili ya kupigana na ugonjwa huo. Tume yake ilifanya kazi katika majimbo 11, na kati ya watoto waliopimwa, wapatao 40 katika kila 100 walikuwa na minyoo hao. Walipopewa dawa na kuchimbiwa vyoo, wengi walipata damu na nguvu, nao uvivu wa kuzaliwa ukaonekana kuwa ni ukosefu wa damu.

Huku kwetu mambo yalifanana. Walowezi wa Kizungu hawakuchoka kumlaumu mfanyakazi Mwafrika kwa uvivu, ilhali madaktari wa koloni walipopima walikuta watu wengi wakiwa na safura. Katika miaka ya 1920 idara ya tiba ya Kenya ilianza kampeni ya safura, hasa huko pwani, na Daktari A. R. Paterson akawa mhimizaji mkuu wa choo cha shimo. Wazee wetu walisimuliwa na baba zao jinsi machifu walivyopita katika miji ya watu kukagua vyoo, siku zile eneo letu lilipotawaliwa kutoka Kisii. Wako waliochimba choo kwa kuogopa faini, wakakifunga mlango na kuendelea kwenda porini. Basi tangu siku hizo ilijulikana kwamba choo kisichotumiwa ni shimo tu, na kwamba dawa isiyofuatwa na choo humpumzisha mtu miezi michache, kisha minyoo hurudi.

Nyumba zilizoanza kwa nia njema

Tukirudi sasa kwenye nyumba zenyewe, tutaona kwamba zilianza kwa nia njema kabisa. Mwaka wa 1841 daktari kijana aitwaye Johann Guggenbühl alifungua nyumba katika mlima wa Abendberg, nchini Uswisi, ili kuwalea na kuwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili. Kabla ya hapo watu wengi waliamini kwamba watoto hao hawawezi kufundishwa lolote. Sifa zake zilienea Ulaya yote, naye akawa msafiri, akihutubia huku na huku. Mwaka wa 1858, wakati mwenyewe hayupo, mjumbe wa Uingereza alikwenda kuwaangalia watoto wa Kiingereza waliokuwa wakilelewa pale, akawakuta wachafu na wametelekezwa. Nyumba ile ikafungwa.

Mfano wake ulikuwa umekwisha kuigwa. Katika Uingereza ilifunguliwa Earlswood mwaka wa 1855, nyumba kubwa ya kwanza ya namna hiyo katika nchi ile. Miaka mitatu baadaye akaja kuiongoza Daktari John Langdon Down, yule ambaye mwaka wa 1866 aliandika habari za hali ya kuzaliwa ambayo sasa huitwa kwa jina lake. Down aliona kwamba kazi yake ya kwanza haikuwa kutoa dawa. Alikataza kuwapiga wakaao humo, akahimiza usafi wa miili, vitanda na chakula, akawapa kazi za mikono. Alikaa hadi mwaka wa 1868. Kazi yake ilionyesha kwamba nyumba ya namna hiyo yaweza kuwa safi, ikiwa mwenye kuiongoza anaona kwamba wakaao humo ni watu.

Lakini kadiri miaka ilivyopita, katika nchi nyingi nyumba hizo ziligeuka. Zilijengwa mbali na miji, zikawa kubwa zaidi na zaidi, na wale walioletwa kufundishwa kwa muda wakaachwa humo maisha yao yote. Majina waliyopewa katika vitabu vya nyakati zile hayafai kurudiwa hapa. Shule ikawa ghala, na katika ghala hakuna anayeuliza kama kila mmoja amenawa mikono.

Habari za Willowbrook

Mfano ujulikanao zaidi ni Willowbrook, katika kisiwa cha Staten Island, mjini New York. Majengo yake yalikusudiwa watoto wenye ulemavu wa akili, lakini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yalitumiwa kama hospitali ya askari. Mwaka wa 1947 yakafunguliwa kuwa shule ya serikali ya jimbo. Yalikusudiwa watu 4,000 na zaidi kidogo. Ilipofika miaka ya 1960 walikuwamo zaidi ya 6,000. Walezi walikuwa wachache mno, hata chumba cha makumi ya watoto kiliachwa mikononi mwa mtu mmoja au wawili. Wengi hawakuwa na nguo. Choo cha mmoja kilikuwa sakafuni, na mwingine alikuwa amelala juu ya sakafu ile ile.

Kutoka katika hali hiyo yalitokea maradhi yote yapitayo njia ya choo na kinywa: homa ya manjano ya ini, kuhara damu na minyoo ya tumbo. Karibu kila mtoto aliyeingia alipata homa ya ini baada ya muda mfupi. Hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo hata leo hufundishwa katika vyuo vya tiba kama mfano wa kuepukwa. Kuanzia mwaka wa 1956 Daktari Saul Krugman na wenzake waliwapa baadhi ya watoto virusi vya homa hiyo kwa makusudi, ili wauchunguze ugonjwa wenyewe. Wazazi walitia sahihi, lakini wengine walikuwa hawana mahali pengine pa kumweka mtoto wao. Krugman alijitetea akisema kwamba watoto wale wangeambukizwa kwa vyovyote, na kwamba katika chumba chake walikingwa na maradhi mengine yaliyokuwa yakienea humo, minyoo ikiwa mojawapo. Ni kweli kwamba uchunguzi ule ulisaidia kutenganisha aina mbili za homa ya ini. Lakini utetezi ule wafanana na maneno yaliyosemwa katika mkutano wetu. Nyumba ilikuwa chafu, na uchafu ule ukahesabiwa kuwa hali ya kawaida ya watoto. Fedha na akili zilizotosha kuendesha chumba safi cha uchunguzi zingeweza kusafisha vyumba vingi.

Mwaka wa 1965 Seneta Robert Kennedy aliitembelea nyumba ile akatoka akiwa na hasira, lakini mabadiliko yalikuwa kidogo. Mwanzoni mwa mwaka wa 1972 daktari mmoja aliyefukuzwa kazi, Michael Wilkins, alikuwa bado na ufunguo wa jengo moja. Akamfungulia mwandishi wa televisheni aitwaye Geraldo Rivera pamoja na mpiga picha wake, na nchi nzima ikaona. Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka wa 1975 mapatano yakatiwa sahihi kwamba watu wale wahamishiwe katika nyumba ndogo zilizo katikati ya watu wengine. Willowbrook ilifungwa mwaka wa 1987.

Basi kule Abendberg na kule Willowbrook, ukweli ulijulikana siku mgeni alipoingia bila kutayarishiwa njia. Mwaka hata mwaka taarifa zilizopelekwa kwa wakubwa hazikuwa zimetosha.

Yaliyoonekana katika nchi nyingine

Mtu aweza kusema kwamba Willowbrook ilikuwa mbaya kupita kiasi. Lakini madaktari wa Marekani, Argentina, Japani na Iran wamepima choo cha watu wakaao katika nyumba za namna hiyo, wakaona minyoo na amiba kwa wingi kuliko kwa watu wa nje. Habari za Japani zinafundisha zaidi. Baada ya vita nchi ile iliwapima na kuwatibu watoto wa shule mwaka baada ya mwaka, hata mchango na safura vikakaribia kutoweka. Hata hivyo amiba imekutwa ikienea katika nyumba za watu wenye ulemavu wa akili. Nchi ni tajiri, maji ni safi, na bado ugonjwa umepata kona ya kujificha, mahali ambapo watu wengi hutumia choo kimoja, chumba kimoja na walezi wachache. Kama chanzo kingekuwa umaskini au joto la nchi peke yake, jambo hilo lisingetokea.

Yuko pia mnyoo mwingine anayestahili kutajwa, aitwaye strongiloidi. Yeye huingia kwa ngozi kama safura, lakini ana ujanja wa pekee: watoto wake waweza kumwambukiza tena mtu yule yule kutoka ndani, bila ya kutoka nje. Kwa hiyo hudumu. Askari waliofungwa na Wajapani na kufanyishwa kazi katika reli ya Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikutwa naye zaidi ya miaka 30 baadaye. Mtu aweza kumchukua maisha yake yote bila kulalamika, hasa asiyeweza kusema kwamba tumbo linamuuma. Lakini siku atakapopewa dawa zipunguzazo kinga ya mwili, kama zile za pumu kali, mnyoo huyo huzaana ghafula na aweza kumwua. Kidonge kimoja cha albendazole, kinachotumika kwa minyoo wengine, hakimtoshi. Dawa imfaayo zaidi ni ivermectin, na daktari ndiye wa kuamua. Hata minyoo wa mjeledi mara nyingi hawaondoki kwa kidonge kimoja. Twasema haya ili mtu asidhani kwamba akigawa vidonge siku moja amemaliza kazi.

Nchi yetu

Katika Afrika ya Mashariki nyumba za kwanza zilikuwa za wagonjwa wa akili. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisheni wa Kijerumani kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Katika Nairobi, mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui palifanywa nyumba ya wagonjwa wa akili mwaka wa 1910, ndiyo Mathari ya leo. Ugonjwa wa akili na ulemavu wa akili ni mambo mawili. La kwanza laweza kumpata mtu mzima na kupona, la pili huanza utotoni. Lakini kwa muda mrefu tofauti hiyo haikuangaliwa sana, na asiye na jamaa aliwekwa popote palipokuwa na nafasi.

Baada ya Uhuru serikali iliunda kamati ya kuangalia malezi ya walemavu, chini ya Bwana Ronald Ngala, katika mwaka wa 1964, na mwaka wa 1968 ukatolewa waraka wa serikali juu ya mambo hayo. Mwaka wa 1986 ilianzishwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya ili kuwafundisha walimu. Shule na vitengo maalum vikaongezeka, vingine vikiwa na mabweni. Mwaka wa 2003 bunge lilipitisha sheria ya watu wenye ulemavu, ambayo imefuatwa na sheria mpya ya mwaka wa 2025. Na Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 54, inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima. Nasi twaamini kwamba choo safi ni sehemu ya heshima hiyo.

Kwa upande wa minyoo, nchi yetu imepata sifa duniani. Mwaka wa 1998 ulianza mpango wa kuwapa dawa wanafunzi wa shule 75 za msingi huko Busia. Wataalamu Edward Miguel na Michael Kremer waliufuatilia, wakaona kwamba kukosa shule kulipungua kwa robo, na kwamba hata watoto ambao hawakupewa dawa walifaidika, kwa sababu mayai yaliyomwagwa katika udongo yalipungua. Mwaka wa 2009 serikali ilianza mpango wa taifa, na kuanzia 2012 ukaendeshwa kila mwaka katika sehemu za Magharibi, Nyanza, Bonde la Ufa na Pwani zenye minyoo mingi. Wazazi wa Kehancha wanakumbuka siku za vidonge, mwalimu akisimama mbele ya mstari, na watoto wasiosoma shuleni nao wakikaribishwa.

Lakini mpango ule ulikuwa wa watoto, hadi umri wa miaka 14 hivi. Shirika la Afya Duniani nalo lilipotaja wale wanaostahili kupewa dawa kwa pamoja lilitaja watoto, wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa, na baadhi ya wafanyakazi kama wachuma chai na wachimba migodi. Kijana wa miaka 25 mwenye ulemavu wa akili, aliyelala bwenini au aliyefichwa chumba cha nyuma katika mji wa baba yake, hayumo katika mstari wa shule wala katika mstari wa mama wajawazito. Hata hivyo yeye hula chungu kimoja na ndugu zake na hutembea katika udongo ule ule. Ikiwa Busia ilionyesha kwamba dawa ya mtoto mmoja humkinga na jirani yake, basi na kinyume chake ni kweli: aliyesahauliwa mmoja huirudisha minyoo kwa wote. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Na afichaye mtu huficha na maradhi yake.

Jawabu letu

Sasa twarudi kwenye swali la mkutano. Je, chama kijenge nyumba? Sisi twaona kwamba jambo la kwanza ni kuzisaidia jamaa zimlee mtu wao nyumbani, maana mtu mmoja katika mji wa jamaa hunawishwa na wengi, na watu wengi katika ukumbi mmoja hunawishwa na mmoja. Lakini wako ambao hawana jamaa, na hao hawawezi kungoja. Ikiwa wanachama watakubali kujenga, twaomba mambo haya yaandikwe katika azimio lenyewe.

Kwanza, nyumba iwe ndogo, ya watu wachache, nayo iwe kati ya watu, mahali ambapo jirani huona moshi wa jiko na kusikia sauti. Pili, choo na maji vitangulie vitanda. Choo kiwe chenye mwanga, kiti na mahali pa kushika, ili atakayekitumia asikiogope, na maji na sabuni viwe mlangoni pake. Kila mmoja awe na viatu, na kila mmoja awe na kitanda chake na shuka zake.

Tatu, walezi watoshe na walipwe, nao wasihesabiwe nje ya jambo hili. Siku ya dawa, wote watumie siku moja, wakaao humo pamoja na walezi na watoto wa walezi. Minyoo wale wa uzi wakionekana, dawa irudiwe baada ya majuma mawili, na siku hiyo shuka zote zifuliwe na kucha zote zikatwe. Mwuguzi au daktari wa hospitali yetu aombwe kupima choo kwa nyakati, hasa cha yule asiyeweza kueleza maumivu yake. Wala mtu asipimwe kwa ajili ya uchunguzi wa wageni bila ya idhini, na bila ya yeye mwenyewe kupata faida.

Nne, mlango usifungwe kwa wanachama. Twapendekeza wachaguliwe wazee wawili na mama wawili ambao watakwenda siku yoyote bila kutoa taarifa, nao wasipelekwe sebuleni kunywa chai. Waende kwanza chooni, kisha jikoni, kisha mahali pa kulala. Watakayoyaona yaandikwe katika taarifa ya kila mwaka kama yaandikwavyo mapato na matumizi.

Twajua kwamba mambo haya yana gharama, na kwamba fedha zilizomo katika sanduku letu si nyingi. Pengine kwa fedha hizo tutaweza kuwachukua watu sita tu, ilhali wenye shida ni wengi zaidi, na tutalaumiwa na wale tutakaowakataa. Lakini nyumba iliyokusudiwa 4,000 ikawachukua 6,000 ilianza kwa mtu asiyeweza kukataa. Afadhali tuwalee sita vizuri, na fedha zitakazopatikana mwaka ujao ziongeze nyumba nyingine ndogo, kuliko kuongeza vitanda katika ile ya kwanza.

Na yule mwanachama aliyesema kwamba minyoo ni kawaida yao, hatumtaji jina wala hatumlaumu, kwa kuwa wengi wetu tulicheka pamoja naye. Twamwomba yeye awe mmoja wa wale wazee wawili.